Kozi fupi ya Kiingereza, Sinza: wiki 8 za kufuatilia neno linapobadili kazi

Kwa miaka sita nimekuwa nikiandaa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimalizia barua pepe zangu kwa maneno "please advice". Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu barua pepe nyingi ninazopokea kutoka kwa mawakala wenzangu nazo huishia hivyo hivyo. Siku moja mteja wa nje ya nchi alinijibu kwa upole, akairudisha sentensi yangu ikiwa na marekebisho ya herufi moja tu: c imekuwa s. Nilipouliza ofisini, niliambiwa kwamba moja ni ya Uingereza na nyingine ni ya Marekani, jibu lililonituliza kwa wiki mbili hivi mpaka nilipofungua kamusi na kukuta si kweli. "Advice" ni nomino, yaani ushauri. "Advise" ni kitenzi, yaani kushauri. Na Mwingereza na Mmarekani wote huyaandika hivyo. Ndipo nilipoanza kutafuta darasa.

Nililolipata ni la jioni, katika kituo kimoja cha lugha kilichopo Sinza, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme. Jina la kituo nitalihifadhi, kwa kuwa ninayo ya kulalamikia pia na sipendi kumharibia mtu riziki yake. Kozi hii haifundishi Kiingereza chote. Inashughulika na jambo moja: jinsi neno lile lile la Kiingereza linavyoweza kuwa nomino katika sentensi hii, kitenzi katika ile na kivumishi katika nyingine, mara nyingi bila kubadilika hata herufi. Masomo ni siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Ada ni shilingi 160,000 kwa awamu mbili, na kitini ni shilingi 10,000 zaidi, gharama ambayo hukutajiwa ulipokuwa ukijiandikisha.

Tulikuwa wanafunzi 14: muuguzi anayejiandaa kwa mtihani wa kazi, kijana anayeuza simu Kariakoo, mzee mmoja aliyeendesha magari ya watalii kwa muda mrefu na ambaye kila aliyeingia darasani alimwamkia kwanza kabla ya kutafuta kiti, na wengine wa maofisini kama mimi. Mwalimu ni mama mtu mzima, mstaafu wa shule za sekondari, na tulimwita Madam kama tulivyozoeshwa tangu shuleni. Ubora wa kozi hii, kwa kiasi kikubwa, ni yeye.

Siku ya kwanza hakuandika Kiingereza ubaoni. Aliandika "soma", akatutaka tutaje watoto wa neno hilo, nasi tukataja msomaji, usomaji, somo, kisomo, masomo, kusoma. Akauliza tunajuaje kwamba "msomaji" ni mtu na "anasoma" ni tendo. Jibu ni viambishi, bila shaka, na kila mmoja wetu alilijua bila kujua kwamba analijua. Kisha akaandika "water" mara tatu, kila mara ndani ya sentensi: katika ya kwanza limetanguliwa na "the", nalo ni maji; katika ya pili limetanguliwa na "must" na kufuatwa na "the plants", nalo ni kumwagilia; katika ya tatu limekaa mbele ya "tank", nalo linatueleza tangi hilo ni la nini. Kiswahili, alisema, humvalisha mfanyakazi sare, hivyo ukimwona tu unaijua kazi yake. Kiingereza kimewavua wafanyakazi wake sare karibu zote, kwa hiyo huna budi kutazama kila mmoja amesimama wapi na amesimama na nani.

Nilidhani hapo ndipo somo lilipokwisha, lakini kilichonifanya niandike tathmini hii kilikuja wiki ya pili.

Madam aligawa karatasi yenye virai vya Kiswahili vinavyoanza na "piga" na kututaka tutafute kitenzi kimoja cha Kiingereza kwa kila kirai. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga kura, piga mluzi, piga busu, piga teke, piga kofi, piga hatua, piga chafya, piga mbizi, piga nyundo, piga deki, piga mnada, piga muhuri, piga marufuku. Tulifanya wawili wawili, mimi nikiwa na yule kijana wa Kariakoo, na tulipofika katikati ya karatasi alisimamisha kalamu na kunitazama. Simu ni "phone" na kupiga simu ni "phone". Pasi ni "iron" na kupiga pasi ni "iron". Kura na kupiga kura ni "vote", busu na kupiga busu ni "kiss", hatua na kupiga hatua ni "step", chafya na kupiga chafya ni "sneeze", mnada na kupiga mnada ni "auction", muhuri na kupiga muhuri ni "stamp", na hata marufuku na kupiga marufuku ni "ban". Karibu karatasi nzima ilikuwa hivyo. Pale ambapo sisi tunaichukua nomino na kuitafutia kitenzi cha kuibeba, Mwingereza huitembeza kwa miguu yake yenyewe.

Sijawahi kuelezwa jambo la sarufi ya Kiingereza kwa namna iliyo karibu nami kiasi hicho. Tangu shule nilikuwa nikikariri maneno haya kana kwamba kila moja ni ajali iliyotokea peke yake, kumbe ni desturi moja, na desturi hiyo ina mwenzake katika lugha yangu, ingawa mwenzake huyo anafanya kazi kwa njia tofauti. Mzee wetu aliuliza kuhusu "piga hodi". Madam alicheka, akamwambia, "Baba, Mwingereza anao 'knock' kwa mlango na kwa mkono, lakini hodi yenyewe, ile ya mdomoni, hana." Kijana naye akauliza kuhusu "piga kelele", na hapo ndipo tulipoonyeshwa mpaka wa desturi yenyewe: "noise" haigeuki kuwa kitenzi cha kawaida, kwa kuwa nafasi hiyo imekwisha kukaliwa na "shout". Kwa sababu hiyo hiyo chakula ni "food" lakini kulisha ni "feed", na damu ni "blood" lakini kutoka damu ni "bleed". Penye mwenyeji, mgeni hapewi chumba.

Nataja hili kwa makusudi, kwa sababu kitini cha kituo, ambacho si Madam aliyekiandika, kinadai katika ukurasa wa tatu kwamba kila nomino ya Kiingereza inaweza kutumika kama kitenzi. Si kila nomino, na mwalimu alilazimika kukipinga kitabu chetu mbele yetu.

Sehemu ya vivumishi ilinifaa zaidi kazini. Kiswahili kina njia ya kuigeuza sifa kuwa tendo, nayo ni kuiongezea mkia: safi huzaa safisha, rahisi huzaa rahisisha, bora huzaa boresha, fupi huzaa fupisha. Kiingereza kinayo mikia ya namna hiyo, kama katika "widen" na "simplify", lakini pia kinayo maneno yasiyohitaji mkia wowote, kama vile "clean", "dry", "open", "warm" na "empty", ambayo ni sifa na ni tendo kwa wakati mmoja. Neno hili la mwisho lina safari ndefu zaidi katika kazi yetu, kwa sababu kampuni za meli huandika "empties" kwa maana ya makontena matupu yanayopaswa kurudishwa, na hapo sifa imekuwa nomino na hata imepata wingi. Nilikuwa nikiliona kama kosa la uandishi. Kumbe sisi wenyewe tunasema "wakubwa wamefika" na "wagonjwa wamelala", na hakuna anayeuliza wakubwa gani au wagonjwa gani.

Lakini hazina kubwa ya wiki hizo za kati ilikuwa mlolongo wa nomino. Kiingereza cha ofisini hupanga nomino moja mbele ya nyingine bila kiunganishi chochote, na zote za mbele hufanya kazi ya kivumishi kwa ile ya mwisho. Madam alituomba tulete mifano kutoka makazini kwetu, nami nikapeleka "cargo damage claim form", jina la karatasi ambayo nimeijaza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Aliiandika ubaoni, kisha akaanza kuifasiri kutoka mkiani: fomu, ya madai, ya uharibifu, wa shehena. Maneno manne ya Kiingereza yakasomwa kinyumenyume na kutoa Kiswahili safi kisichohitaji kurekebishwa mahali popote, isipokuwa kwamba "ya" na "wa" zetu zinasema waziwazi kile ambacho wao wanakiacha msomaji akijaze. Muuguzi alijaribu "blood pressure machine" na ikakubali: mashine, ya shinikizo, la damu. Tangu siku hiyo, nikikutana na msururu wa nomino katika barua ya kampuni ya meli, naenda kwanza kwenye neno la mwisho, nalishika, ndipo narudi nyuma.

Alituonya pia kwamba nomino inayokaa mahali pa kivumishi haiwi kivumishi kamili. Huwezi kuitangulizia "very", kama vile kwa Kiswahili usivyoweza kusema fomu ya shehena sana. Na kwa kawaida hukaa katika umoja hata kama vitu ni vingi, ndiyo maana duka la viatu ni "shoe shop" na lori la tani kumi ni "ten-tonne truck". Kanuni hiyo ya pili imenisahihishia mambo mengi kimyakimya.

Historia ilipewa nusu ya kipindi tu, na ilitosha. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi tamati kama Kiswahili chetu kilivyo na viambishi awali: upendo ulikuwa "lufu" na kupenda kulikuwa "lufian", jibu lilikuwa "andswaru" na kujibu kulikuwa "andswarian". Miisho hiyo ilikuwa imekwisha kuanza kufifia, na katika karne zilizofuata mwaka 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza, ilizidi kuliwa midomoni mpaka ikabaki "love" moja na "answer" moja kwa kazi zote mbili. Watu walipozoea kuona maneno mengi ya namna hiyo, wakaanza kuyageuza na mengine ambayo hayakuwahi kuwa na jozi. Wazee wa lugha nao hawakuacha kulalamika: mwaka 1789 Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwandishi wa Marekani, alimwandikia Noah Webster, mtunga kamusi, akilalamikia watu waliokuwa wakitumia "notice", "advocate" na "progress" kama vitenzi. Leo hakuna anayeyashangaa maneno hayo. Mwaka 2006 kamusi ya Merriam-Webster ilikiingiza kitenzi "google", jina la kampuni lililogeuka tendo, nasi hapa mjini tunasema "kaigugo" au "nimeigugo", na kama kawaida yetu tumelivalisha viambishi kabla ya kuliruhusu lipite.

Kuna maneno ambayo kugeuka kwake ni mtego, na nilitamani kozi ingekaa hapo kwa wiki nzima badala ya siku moja. Vumbi ni "dust", lakini kitenzi hicho hicho huweza kuwa kufuta vumbi mezani au kunyunyiza sukari ya unga juu ya keki. Mbegu ni "seed", na kitenzi chake huweza kuwa kupanda mbegu shambani au kuzitoa ndani ya tunda. "Table", likitumika kama kitenzi katika kikao, Mwingereza humaanisha kuiwasilisha hoja ijadiliwe sasa hivi, ilhali Mmarekani humaanisha kuiweka kando. Fikiria kikao kimoja chenye watu wa pande zote mbili na wewe ndiye mwandika kumbukumbu. Muuguzi wetu alichangia "dress", ambalo wengi wetu tulilijua kama gauni, na ambalo wodini ni kusafisha na kufunga kidonda.

Sasa nije kwenye yaliyoniudhi, na la kwanza ni matamshi. Kiingereza kinayo jozi nyingi ambazo maandishi yake ni yale yale na mkazo ndio unaotenganisha nomino na kitenzi: "import", "export", "permit", "record" na "contract" huwekewa mkazo mwanzoni zikiwa nomino na mwishoni zikiwa vitenzi. Kwa mtu wa bandarini haya ndiyo maneno ya kutwa. Kipindi hiki kilipewa dakika 40, katika wiki ya sita, jioni ambayo umeme ulikatika na jenereta la duka la chini likawashwa chini ya dirisha letu, hata sauti ya Madam ikawa inatufikia vipande vipande. Mkazo ni kitu cha kusikia. Ukiusoma kwenye karatasi hujaupata. Na hata kwenye karatasi haukuwepo, kwa sababu kitini kimerudufiwa kutoka nakala iliyorudufiwa na herufi nzito zilizopaswa kuonyesha mkazo zimefifia zikalingana na nyingine.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mfano wa kutufungua ulikuwa mikononi mwetu. Sisi tunao "barabara", njia ya magari, ambayo mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama maneno yetu karibu yote, na tunao "barabara" ya kusema kwamba kazi imefanywa sawasawa, ambayo mkazo wake umesogea nyuma silabi moja. Moja ni nomino, nyingine ni kielezi, na maandishi ni yale yale. Mtu aliyetufundisha vitenzi kwa kutumia "piga" angeweza kutufundisha mkazo kwa kutumia "barabara" katika dakika kumi, lakini jioni ile kila mtu alikuwa anataka kwenda nyumbani, yeye akiwamo.

Niseme kwa haki kwamba katika dakika hizo hizo alituachia jambo moja zuri. Jozi kama "advice" na "advise" hutofautiana kwa s na z, sauti ambazo sikio letu huzitenganisha bila taabu, na ndivyo ilivyo kwa "use" na "house", ingawa hizi maandishi yake hayaonyeshi lolote. Jozi ya "breath" na "breathe" ni th na dh, sauti za "thamani" na "dhamana", ambazo Mswahili anazo tayari. Kosa langu la miaka sita, kwa hiyo, lingeweza kusahihishwa kwa sikio kama ningewahi kulitamka neno lenyewe kwa sauti badala ya kuliandika tu.

La pili la kuudhi ni amri ya ofisi ya kituo, iliyobandikwa mlangoni kuanzia wiki ya nne, kwamba atakayesema Kiswahili darasani atalipa shilingi 500. Naelewa nia yake. Lakini nguvu yote ya kozi hii ilikuwa katika kuanzia Kiswahili na kurudi Kiswahili, na baada ya tangazo lile Madam alianza kutafuta maneno ya kutueleza mambo ambayo wiki moja kabla aliyaeleza kwa neno moja. Mzee wetu, ambaye maswali yake ndiyo yaliyokuwa yakitoa majibu mazuri kuliko yote, alinyamaza. Hakuna aliyewahi kutozwa hiyo faini, na bado ilitugharimu.

La tatu ni mtihani wa mwisho. Maswali 40 yalitolewa na ofisi, na sehemu ya kwanza ilitutaka tuandike kama neno lililotajwa ni nomino, kitenzi au kivumishi, bila sentensi. Neno la tano lilikuwa "round". Baada ya wiki 8 za kuambiwa kwamba neno la Kiingereza halina kazi mpaka ulione limesimama wapi, na nikijua kwamba hilo huweza kuwa raundi ya ngumi, umbo la mviringo au tendo la kuzunguka kona, niliandika "inategemea". Nilipata sifuri. Nilipopeleka karatasi kwa Madam aliisoma, akavua miwani, akanipa alama yangu, na pembeni mwa jibu akaandika "ni kweli".

Siku chache baadaye nilimwandikia mteja mpya, nikamalizia na "please advise", nikampa mwenzangu wa meza ya pili aipitie barua kabla haijaenda. Aliirudisha ikiwa na sahihisho moja: s imekuwa c.

Ningeipa kozi hii alama 7 kati ya 10, na alama nyingi kati ya hizo ni za mwalimu. Inamfaa mtu ambaye tayari anasoma na kuandika Kiingereza cha kazini lakini hajui kwa nini baadhi ya sentensi zake zinarudishwa. Anayeanza kabisa atapotea wiki ya kwanza, na anayetafuta ufasaha wa kuzungumza atafute kwingine. Ukijiandikisha, uliza kwanza kama Madam ndiye atakayefundisha awamu hiyo, dai stakabadhi ya kitini peke yake, na chukua kiti cha mstari wa mbele upande wa kulia, kwa kuwa dirisha la kushoto ndilo lililo juu ya jenereta.